Kusomea Kitini

"Jina lako litatangulia kwenye orodha, na mkono utakaoliandika ni huu—"

"Liandike! Kwani nimekushika?"

"—halafu watu waseme Mwalimu kamfukuzisha kazi baba watoto wake—"

"Watasema Mwalimu kafundisha ofisi nzima, kashindwa na wa chumbani kwake. Watacheka mpaka—"

"Niache nimalize!"

"Umalize nini? Hujapumua tangu sijavaa soksi!"

Kitinda mimba wao, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa akitafuna mkate na kugeuza shingo huku na huku kama refa wa mpira wa meza. Alishazoea. Nyumbani kwao ugomvi wa asubuhi ulikuwa kama kupiga mswaki, usipofanyika siku haianzi. Ila huu ulikuwa umeingia wiki ya tatu, na ladha ilikuwa imeshaisha.

"Masomo kumi na moja," mama mtu akasema, sasa polepole, akigonga meza kwa kijiko. "Dakika ishirini kila moja. Yako kwenye simu. Umelala unasoma, umekaa unasoma, uko msalani unasoma. Mlinzi wa geti kamaliza. Mpishi wa kantini kamaliza, siku hizi anatuchorea chati ya vikombe vya chai. Wewe una nini?"

"Mimi nina kazi," akasema mumewe. Akavaa mkoba wake begani, akashuka ngazi za barazani moja moja kama mtu anayezihesabu, akatoka.

Wote wawili walikuwa wa shirika la maji. Yeye mume alikuwa msoma mita, mwaka wa ishirini na mbili huo, mtaa kwa mtaa na daftari lake, na kwa jinsi alivyomaliza viatu wenzake walimpa jina la Soli. Mke alikuwa idara ya utumishi, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa mkuu wa mafunzo, kwa hiyo ofisi nzima walimwita Mwalimu, mpaka mumewe akamwita hivyo wakigombana. Amri aliyopewa ilikuwa moja: mpaka mwisho wa mwezi, pengo la ujuzi wa takwimu liwe limezibwa. Kila mfanyakazi ajue kusoma namba, kuzipanga, kuzitilia shaka, na kuzifanya ziseme. Asiyefika daraja la pili, jina lake linapelekwa juu. Na wote walijua jina likipelekwa juu halirudi chini likiwa zima.

"Mapengo yangu mimi yako mdomoni," Soli alisema siku ile tangazo lilipotoka. "Mawili. Sijaona mtu akija kuyaziba."

Walicheka wakati ule. Yeye mwenyewe Mwalimu alicheka.

Siku hiyo hiyo ya ugomvi kulikuwa na kikao. Mkurugenzi wa utumishi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia, aliwasha picha ukutani. Huyo watu walimwita Bi Asilimia. Hakuwa mtu mbaya. Ukimwambia umefiwa atakupa pole kamili, lakini macho yake yatakuwa yanatafuta hiyo ni ngapi kwa mia. Ukutani zikatokea nukta arobaini na tatu za wasoma mita. Arobaini na mbili za kijani. Moja nyekundu.

"Asilimia tisini na saba nukta saba," akasema. "Mwalimu, hebu tusaidie. Hiyo nukta nyekundu inalala wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, maana ukichekwa usipocheka unakuwa umepigwa mara mbili. Alipokaa akagundua amekunja karatasi ya kikao mpaka imekuwa ndogo kama kidonge.

"Jumatatu tunafunga," Bi Asilimia akasema bila kucheka. "Aje afanye mtihani mbele yangu. Akishindwa, jina unaliandika wewe, mkuu wa mafunzo. Si mimi."

Jioni yake Mwalimu alikaa mezani na kompyuta ya ofisi kutayarisha mazoezi. Mtihani ulikuwa rahisi kueleza: unapewa namba za mita za mwaka mzima, ndani yake kuna za kweli na za kupikwa, uzitambue. Ili wanafunzi wazoee, alitaka namba chafu chafu za mitaani kwao wenyewe. Mfumo ulikuwa na mtindo wa kuweka alama palipo na kasoro, kwa hiyo akapitia njia za wasoma mita, moja baada ya nyingine. Njia ya huyu, alama sitini: mbwa, geti limefungwa, tisa imegeuzwa sita. Njia ya yule, alama mia na kitu. Akafika njia ya mumewe.

Hakukuwa na alama hata moja. Kwa miaka miwili.

Kwanza alijisikia fahari. Mume wake huyo, mbishi, mwenye mapengo, alikuwa msafi kuliko wote. Halafu akarudi mwanzo wa orodha, akaikagua upya. Yeye ndiye aliyeandika somo la tatu, na somo la tatu linasema hivi: namba isiyo na kosa haijatoka kwa mtu. Hakuna msoma mita asiyekuta mbwa. Hakuna ambaye mvua haijawahi kumlowanishia daftari.

"Mama," binti akasema nyuma ya bega lake, mkate mwingine mkononi. Mtoto huyu alikuwa anakula kama anayesafiri kesho. "Hiyo nyumba ya thelathini na moja si ile yenye mnyororo?"

"Mnyororo gani?"

"Ile ya kona, nikienda shule. Sisi tunaiita Bubu. Haina watu."

Mwalimu akafungua namba za nyumba hiyo. Uniti sifuri kwa miezi kumi na moja, ndivyo nyumba tupu inavyopaswa kuwa. Kisha mbili. Mbili tena. Tatu. Tatu. Mwezi uliopita, tisa.

"Mbona Bubu anakunywa maji?" binti akauliza, na wala hakuwa anatania.

Soli alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti chake cha mbao karibu na tangi, mguu mmoja kwenye beseni la maji ya moto. Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa la jirani. Mwalimu akasimama mbele yake na kompyuta imefunguka mikononi kama sinia.

"Thelathini na moja," akasema.

Soli akaangalia skrini, akaangalia beseni. Mtu aliyekaa na siri miaka miwili hajui aanzie wapi, kwa hiyo huanzia popote.

"Goti limekwisha," akasema. "La kulia. Daktari alisema nipumzike. Nani atalipwa akipumzika?"

"Mimi nimekuuliza nyumba, unanijibu goti?"

"Ndilo jibu lenyewe. Sijaenda huko mwaka wa pili huu. Wewe ukishatoka saa moja, mimi nazunguka nyuma, narudi, nakaa hapa." Akapiga mkono wa kiti. "Nasomea kitini."

Mwalimu alilijua neno hilo. Wasoma mita wote wanalo. Ukikuta geti limefungwa na mbwa hana adabu, unakaa chini mahali, unakadiria, unaandika. Kosa dogo, la nyumba moja mbili. Hakuwahi kusikia la nyumba mia moja na themanini.

Akaikumbuka ile miaka miwili yote. Mumewe hakununua viatu hata mara moja. Mtu waliyemwita Soli, ambaye zamani fundi viatu alimjua kwa sauti ya hatua zake! Na yeye, mkuu wa mafunzo ya takwimu, alilala ubavuni mwa takwimu hiyo usiku na mchana na hakuisoma.

"Ndiyo maana masomo hutaki," akasema.

"Masomo hayana neno. Nimefunika simu nikasoma mpaka la nane. Unaandika vizuri, wewe. Ni la tisa. La tisa linasema kila mita ipigwe picha, na simu ionyeshe ulipo. Sasa mimi simu yangu itaonyesha niko wapi? Hapa, na beseni?"

"Unajua kinachokuja? Hufukuzwi tu. Unashtakiwa. Nami nashtakiwa kwa kukuficha."

"Ndiyo maana sikukwambia. Mficha maradhi, si unajua inavyomalizikia."

"Usinichekeshe. Hizo namba ulizitoa wapi?"

"Nyumba nazijua, mke wangu. Miaka ishirini nimezipitia. Najua nani anafua Jumamosi, nani bomba lake linavuja na ni bahili wa kununua kizibo. Nakaa, nafumba macho, napita mlango kwa mlango. Naandika."

"Na yenye mnyororo?"

Soli akatoa mguu kwenye beseni. Maji yakachuruzika sakafuni.

"Hiyo sijui," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naiandikia sifuri. Siku moja nikafika hapo, nimefumba macho, mkono ukaandika mbili. Nikafuta. Ukaandika mbili. Mwezi uliopita ilikuja tisa, nikasema basi, wamepata mgeni."

"Nani kapata mgeni? Nyumba haina watu!"

"Ndiyo ninayokwambia. Sijui."

Mwalimu hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa mtu wa somo la nne, na somo la nne linasema: usibishane na namba, chukua sampuli. Jumamosi mchana, jua la wazi, akamkalisha mumewe kwenye kiti kile kile akamwambia afumbe macho asome nyumba sita kama zilivyo sasa hivi. Sita tu, alizozichagua yeye kwa kuchomoa vikaratasi kwenye kikombe, isipokuwa ya sita ambayo hakuichomoa.

"Hii ni aibu," Soli akasema, macho yamefumbwa. "Mtu mzima nafanyishwa mazingaombwe."

"Ulikuwa unafanya bure, leo nakutazama. Soma."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayeagiza sabuni dukani, na kati ya nyumba na nyumba alinyamaza kidogo, kama anayevuka barabara. Mwalimu akaziandika kwenye karatasi. Walipofika ya sita Soli aliinamisha kichwa upande, na binti aliyekuwa mlangoni akaacha kutafuna.

"Mia sita hamsini na mbili," akasema. Akafumbua macho. "Niletee maji ya kunywa, mwanangu."

Mwalimu na binti wakaenda kwa miguu. Kila mita ilikuwa nje ya ukuta, kwenye kisanduku cha chuma chenye kifuniko, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kubisha hodi. Nyumba ya kwanza, binti akainua kifuniko, akasoma tarakimu. Mama akatazama karatasi. Sawa. Bahati, akasema moyoni. Ya pili, sawa. Ya tatu, ya kinyozi, ambaye alitoka akauliza kuna nini, kwani wamekuja kukata maji? Hapana kaka, ukaguzi tu. Sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Ya nne. Kufikia ya tano Mwalimu alikuwa haangalii tena karatasi, anamwangalia mtoto usoni, na mtoto alikuwa anatikisa kichwa polepole kuitikia.

Nyumba ya thelathini na moja ilikuwa kona, kama alivyosema binti. Rangi imebabuka. Mnyororo wa getini ulikuwa na kutu nyekundu, na kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye nondo buibui alikuwa ametanda utando wake, mzima, haukukatika hata uzi. Majani yalikuwa yameota mlangoni mpaka usawa wa kitasa. Mchana huo wa saa nane mtaa ulikuwa na kelele zake zote, redio, pikipiki, mtu anagonga bati, lakini hapo konani zilikuwa kama zinasikika kupitia blanketi.

Binti akainua kifuniko.

"Mia sita hamsini na moja," akasoma.

Mwalimu akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka. "Moja! Umeona? Si mbili, ni moja. Amekosea." Hakuwahi kufurahia kosa la mtu kiasi hicho. Kosa ni la binadamu. Angeweza kumkumbatia mwenye kosa lile.

"Mama."

"Twende, mwanangu. Tumepata kasoro, sasa tunaweza ku—"

"Mama, inazunguka."

Ile sindano ndogo nyekundu ya ndani ya mita ilikuwa inatembea. Taratibu kwanza, halafu haraka. Na nyuma ya ukuta, ndani kabisa ya nyumba, wakasikia maji yakianguka kwenye kitu kitupu, ndoo au sufuria, ile sauti nene ya mwanzo ambayo inapanda inapanda kadiri chombo kinavyojaa. Walisimama pale na vidole vya mtoto vikiwa bado vimeshika kifuniko. Tarakimu ya mwisho ikaanza kubingirika. Moja ikainama, mbili ikachungulia kutoka chini, ikapanda, ikakaa sawa.

Sauti ya maji ikakatika. Kama vile mtu amefunga bomba.

Binti akashusha kifuniko taratibu, kisigonge. Mwalimu akautazama tena ule utando wa buibui. Mzima. Wakaondoka. Mpaka wanafika nyumbani hakuna aliyekimbia, maana ukikimbia unakuwa umekubali.

Soli alikuwa amesimama barazani, mguu mmoja ameupumzisha, anawasubiri.

"Ilikuwa ngapi?"

"Hamsini na mbili," Mwalimu akasema.

Mumewe akashika nguzo ya baraza. Mwalimu alidhani atajivuna, au atafanya utani, na angemsamehe. Lakini aliketi polepole kwenye ngazi.

"Miaka miwili," akasema, "nilidhani nadanganya."

Jumapili nzima hakukalia kile kiti. Alikigeuza kikatazama ukuta.

Jumatatu chumba cha mafunzo kilijaa watu wasiokuwa na kazi humo. Mmoja alikuja kutafuta kalamu, mwingine alikuja kumtafuta aliyekuja kutafuta kalamu. Walikuja kumwona Soli akianguka. Mwalimu alikaa pembeni na fomu mbili mbele yake: ya kufaulu, na ya orodha. Kazi ilikuwa sahihi yake tu. Alikuwa amevaa gauni alilovaa siku ya kupandishwa cheo, na hakujua kwa nini amelivaa.

Soli akaambiwa afungue kompyuta kwa neno lake la siri. Akaandika kwa kidole kimoja, anaitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mchanga. Likakataa. Akarudia. Likakataa. Mara ya tatu kompyuta ikajifunga yenyewe.

"Mzee umejifungia nje, na funguo iko ndani," kijana wa kompyuta akasema, na wakacheka mpaka wale wa ukumbini.

"Mpeni karatasi," Bi Asilimia akasema akiangalia saa. "Nyumba arobaini, za tawi la mbali, hazijui. Miezi kumi na mbili. Tano zimepikwa. Ana dakika thelathini."

Soli akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya karatasi, safu moja mpaka nyingine, bila kusimama. Akachukua kalamu akazungushia duara. Nyumba ya kwanza. Ya nne. Ya kumi na sita. Kwenye ya ishirini na tisa akaguna. Duara la tano lilikuwa kwenye nyumba ya mwisho kabisa. Akaweka kalamu chini. Zilikuwa zimepita dakika tatu, na watu walidhani amekata tamaa.

Bi Asilimia akachukua karatasi, akalinganisha na ya majibu. Akalinganisha tena. Akavua miwani.

"Umejuaje hii?"

"Aliyepika hiyo alikuwa na haraka, mama. Kila mwezi kapandisha mbili. Mbili, mbili, mbili. Watu hawaishi mbili mbili. Kuna mwezi mtu anaumwa, anaoga mara tatu. Kuna mwezi shemeji anakuja na watoto wanne, na haondoki. Na hii hapa, angalia, amepika kwa kuogopa, hakuzidisha wala kupunguza. Nyumba yenye watu haiogopi."

Hakuna aliyecheka. Mpishi wa kantini akasema "Heh!" peke yake.

Bi Asilimia alisimama. Uso wake ulibadilika, ukawa karibu mzuri. "Miezi minane," akasema, "tumetumia fedha kuwaleta wataalamu waje na michoro yao. Hakuna aliyewahi kunieleza takwimu hivi. Hivi ndivyo ninavyotaka watu wafundishwe! Mwalimu, mtilie sahihi ya kufaulu. Na wiki ijayo huyu bwana anaanza kuzunguka matawi yote, anawafundisha wasoma mita. Kazi ya ofisini, hakuna kutembea. Mshahara tutauangalia."

Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache. Mwalimu akavuta fomu ya kufaulu. Kazi ya ofisini. Hakuna kutembea. Goti lingepona, nukta ingekuwa ya kijani, na mambo ya nyumba ya kona yangebaki huko huko konani na buibui wake. Ilikuwa herufi nne tu za sahihi. Akaigusisha kalamu kwenye karatasi.

"Usitie," Soli akasema.

"Nini?"

"Usitie sahihi, mama watoto. Kesho nitafundisha watu niwaambie nini?" Akageuka kwa Bi Asilimia, akavua miwani na yeye, na bila miwani alionekana mzee zaidi. "Mama, mimi najua namba zilizopikwa kwa sababu nimepika miaka miwili. Sijafika mtaani. Goti halinipeleki. Nasomea kitini, nyumbani, nyumba mia na themanini. Mke wangu hakujua mpaka juzi. Andikeni jina langu mimi. La kwake muache."

Makofi yalikatika kama redio iliyochomolewa. Mtu mmoja akacheka kwa makosa, akaacha. Bi Asilimia alikuwa amesimama na karatasi mkononi.

"Njia yako ndiyo isiyo na kasoro kuliko zote," akasema. "Tumeilinganisha na mita kuu ya mtaa. Inalingana. Asilimia mia. Namba za kupika hazilingani na mita kuu, bwana wewe. Maji hayapikwi."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

"Shida gani?"

Soli aligeuka. Alimwangalia mkewe, na Mwalimu akajua sasa ni zamu yake. Angeweza kukaa kimya, na mumewe angeonekana mwongo wa kawaida, afukuzwe kwa kosa linalojulikana jina. Badala yake alifungua pochi akatoa ile karatasi ya Jumamosi, yenye nyumba sita, namba alizosema Soli upande huu na namba za mita upande ule, na chini mwandiko wa binti yake: *ya sita tuliisubiri.* Akaiweka mezani na kueleza, kwa sauti ile ile ya kufundishia, tangu kiti mpaka mnyororo, tangu ndoo mpaka ile tarakimu iliyobingirika. Alieleza kwa mpangilio, kama somo la kumi na mbili.

Bi Asilimia aliisoma karatasi muda mrefu kuliko karatasi yenye namba kumi na mbili inavyostahili.

"Wote nje," akasema. "Nyinyi wawili bakini."

Wakatoka wakisukumana. Aliyekuja kutafuta kalamu akaisahau. Bi Asilimia akafunga mlango kwa ufunguo, akaizima picha ya ukutani, na nukta zote arobaini na tatu zikapotea pamoja. Mwalimu aliushika mkono wa mumewe chini ya meza. Alikuwa anapanga kichwani: kwanza polisi, halafu barua, halafu watamwambiaje mtoto.

Lakini Bi Asilimia alikuwa amevuta kiti. Si cha wanafunzi, kile chake mwenyewe, chenye mito. Akakisogeza karibu na dirisha akakipangusa kwa kiganja.

"Lazima iwe nyumba ya njia yako?" akauliza.

"Sijui, mama," Soli akasema. "Sijawahi kujaribu nyingine."

"Hebu kaa hapa, kaka yangu. Pumzisha goti." Alikuwa ameandika kitu nyuma ya ile karatasi ya mtihani, mtaa na namba ya nyumba, mji mwingine kabisa, na Soli alipokaa akamwekea mapajani kwa mikono miwili. "Mwanangu wa pekee anakaa hapo. Siku ya kumi na tisa leo, simu hapokei, na mwenye nyumba anasema mlango umefungwa kwa ndani. Naomba unisomee mita yake. Usiniambie ni ngapi. Niambie tu kama inazunguka."